Maskini wa Kwenye Makaratasi

Skola mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia huko ndani ukipiga pasi sare zako na kubishana na mama yako kuhusu blanketi. Mwachie ushindi. Ni kweli Nalasi kuna joto, lakini mama yako hajawahi kufika huko, na kwake dunia nzima ina baridi ya Songea ya mwezi wa sita. Lichukue tu, utalitandika hata kama hujifuniki.

Mambo ya kula, kufua, kusali na kuishi vizuri na wenyeji ameshakwambia mara nane. Mara ya tisa atakwambia kesho asubuhi stendi, basi likiwa linatoka, kwa sauti ambayo abiria wote watafaidika nayo. Kwa hiyo mimi hayo nayaruka. Nina langu moja ambalo limenikaba tangu Jumapili na mdomo umekataa kulisema. Ndiyo maana nimekuja kukaa huku karakana, juu ya ndoo ya rangi, nakuandikia kwenye daftari la vipimo vya mageti. Usishangae ukikuta upande wa pili wa karatasi pameandikwa upana na urefu wa dirisha la mtu.

Habari ya nyumba unaijua, ila unaijua nusu. Unajua kwamba mwenye nyumba wetu, Mzee Tawete, alifariki, na kwamba watoto wake wanataka kuuza wagawane urithi. Unajua pia kwamba yule mkubwa wao, Gaudensi, alikuja hapa na shati lililonyooka, akaniamkia vizuri, akakaa kwenye benchi langu bila kulifuta vumbi. Alisema, "Shikamoo mzee. Marehemu alituachia neno kwamba siku tukiuza, ninyi muulizwe kwanza. Tumekuja kuuliza." Nikamjibu marahaba, nikamwambia nyumba nanunua. Sikumeza hata mate, nilijibu hapo hapo. Ile ilikuwa miezi mitatu iliyopita.

Ambacho hukijui ni kwamba walinipa miezi mitatu tu ya kulipa, nayo inaisha Ijumaa hii, saa sita mchana. Kuna mtu amekwisha kuja kupima kiwanja kwa hatua, anataka kubomoa ajenge nyumba ya wageni. Gaudensi si mtu mbaya. Ameniambia wazi kwamba wadogo zake wamechoka kusubiri na kwamba hana tena la kuwaambia.

Nikikwambia ninaogopa, elewa kwamba sisemi kwa mazoea. Nyumba hii tumepanga tangu ukiwa na miaka minne. Hivi vyumba viwili vya uani nilivijenga mimi kwa tofali zangu, kwenye kiwanja cha mtu mwingine, kwa makubaliano ya mdomo na Mzee Tawete, tukinywa chai. Alipokufa, makubaliano yakaenda naye. Hata hilo ningelimeza. Karakana ingehamishika, maana mteja wa geti humfuata fundi popote. Kinachonimaliza ni mama yako.

Wewe ulikuwa chuoni alipopata kiharusi, kwa hiyo ulikuta mabomba ya kushikilia yameshawekwa ukutani, ukayaona ya kawaida. Niliyachomelea kwa siku tano. Bomba la kwanza linaanzia kitandani kwake, linafuata ukuta wa sebuleni, linakata kona ya jiko, linatoka uani mpaka chooni, kisha jingine mpaka kwenye kamba ya nguo. Urefu wake kutoka chini nilipima kwa kiwiko chake yeye, siyo changu. Siku ya kwanza aliyashika akafika uani peke yake, akasimama juani, akaniambia, "Baba Skola, leo nimetembea." Sijawahi kulipwa vizuri namna hiyo kwa kazi ya chuma.

Nimeshazunguka kutafuta pengine pa kupanga. Lizaboni nimepata vyumba viwili vizuri. Nikamwuliza mwenyewe kama naweza kutoboa ukuta niweke mabomba. Akaniangalia kama niliyeomba kufuga nguruwe sebuleni. Msamala hivyo hivyo. Mwingine alikubali, ila choo chake kiko nje, kinashukwa kwa ngazi saba. Nilizihesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea.

Basi nikaenda benki. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mimi ni maskini.

Usicheke. Mchango wa mwanzo wanaoutaka ninao. Mahindi ya mwaka jana nimeuza yote, na pikipiki niliyokwambia iko kwa fundi haiko kwa fundi, nimeiuza pia. Nilijiona mwanamume. Nikavaa lile koti la kipaimara chako, nikaingia, nikaketishwa mbele ya afisa mikopo, binti wa rika lako, mwenye adabu kabisa. "Shikamoo baba. Umeajiriwa wapi?" Nikamwambia nimejiajiri, mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti, madirisha, na mashine za kupukuchulia mahindi. Akaandika. Akaniuliza leseni, nikampa. Akaniuliza hesabu za biashara za miaka mitatu, nikamwambia ziko kichwani. Aliacha kuandika.

"Za kichwani siwezi kuzipeleka kwenye kamati, baba."

"Binti yangu, toka nje nikuonyeshe. Geti la ile shule pale juu ni langu. Madirisha ya mtaa mzima huo ni yangu. Nenda Madaba, nenda Namtumbo, kila kijiji utakuta mashine yangu inapukuchua."

"Nakuamini, baba. Lakini kamati haitoki nje. Kamati inasoma."

Nimelifikiria neno hilo kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Miaka thelathini nimefanya kazi ya kuonekana barabarani, na hakuna mahali hata pamoja nilipoiacha isomwe. Wakulima walinilipa kwa magunia, wewe ulikua ukiruka juu ya magunia hayo. Mtu wa Mgazini anachukua mashine mwezi wa tano, ananilipa mahindi akishavuna, mimi nayaweka mpaka mwezi wa pili bei ipande, nauza, na pesa ile ile inakwenda ada yako, mabati, dawa, vyuma vingine. Benki niliingiza mara moja kwa mwaka, kilichobaki. Yule binti alipofungua stetimenti yangu, akaikuta kavu miezi kumi, kisha pesa nyingi siku moja, kisha kavu tena. Akauliza kwa upole, "Hapa baba ulishinda bahati nasibu?" Nikamwambia ni mahindi. Akasema mahindi hayaonekani humu.

Akaniambia nilete karatasi za kodi, labda zitaniokoa. Hapo, Skola, ndipo nilipotoka jasho la mgongo.

Hujui kwa nini, au labda unajua na umenisitiri miaka yote hii. Unakumbuka shati la makadirio? Sisi mafundi wa safu ile ya zamani, kabla sijaleta karakana hapa nyumbani, tulikuwa na shati moja la pamoja. Lilikuwa la kaki, halina mkono wa kushoto, limeungua kifuani. Siku afisa wa kodi akipita kukadiria, shati lile lilitangulia mbele yake karakana moja baada ya nyingine. Anayefikiwa analivaa, akishakadiriwa analivua, linapitishwa kwa nyuma kwenda kwa jirani. Sijui kama yule afisa hakulitambua au alichoka kulitambua. Tulicheka mpaka tukalia. Mafundi wanane, maskini mmoja.

Mwaka mmoja nilizidisha. Ulikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nimenunua mashine ya pili ya kuchomelea, mpya, na kwa kuwa afisa alisema mwaka huo atafika mpaka majumbani, niliisukuma chini ya kitanda chako na kukwambia, "Ukiulizwa, baba ana mashine moja, na mbovu." Akaja. Akakuuliza wewe, siyo mimi, kwa sababu watu wazima wa Songea alikuwa ameshawazoea. Ukasimama wima, ukasema, "Baba ana mashine moja, na mbovu." Kisha, bila mtu kukutuma, ukaongeza, "Na jana hatukula."

Alikadiria kiasi kidogo sana. Nilijivuna! Nikakununulia soda na andazi, nikawasimulia wenzangu kwamba mwanangu ana akili ya biashara. Mama yako peke yake ndiye hakucheka. Aliniambia usiku ule, "Njaa haiigizwi, Baba Skola. Ikisikia inaitwa itakuja." Nikamwona mshirikina.

Waswahili wamesema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha vizuri mno. Karatasi zile za kodi nilizozipunguza mwaka baada ya mwaka, nikijiona mjanja, ndizo hizo hizo nilizozipeleka benki nikiomba ziniokoe. Yule binti alizipanga mezani, akazisoma moja moja. Niliona uso wake unabadilika, na kilichoniumiza ni kwamba alianza kunionea huruma. Akasema, "Baba, samahani nikisema hivi. Kwa karatasi hizi, wewe unapata pungufu ya mlinzi wetu wa mlangoni." Nilitaka kumwambia ni uongo, kwamba nilidanganya. Lakini ningemwambiaje? Anipe mkopo wa miaka mingi kwa ushahidi kwamba mimi ni mwongo?

Nikakubali kwamba mimi ni maskini. Nikaenda zangu kukaa pale nje kwenye kivuli cha ukuta, na koti la kipaimara.

Sikuandikii haya ili ulipe kodi, ingawa lipa. Utakuwa na mshahara, watakukata kabla hujauona, hutapata hata nafasi ya kuwa mjanja. Lakini najua wauguzi. Mwaka wa pili au wa tatu mtu anafungua kaduka ka dawa, anafuga kuku, anajenga chumba cha kupangisha. Ukifika huko, andika. Andika hata gunia la mtu aliyekulipa nusu. Liandike kwa jina lako, siyo la mume wala la kaka, na ukienda kukadiriwa nenda na nguo zako unazovaa kila siku. Utalipa, utalalamika, utanuna siku mbili, lakini siku ukisema "mimi nina kazi" kutakuwa na kitu nje ya mdomo wako kinachosema hivyo hivyo.

Sasa nafika kwenye langu. Nimezunguka kurasa tatu kwa sababu ya woga.

Mara ya tatu nilipokwenda, wiki iliyopita, yule binti alikuwa amefikiria. Watu wazuri ndio hatari, wanakutafutia njia. Akaniuliza, "Baba, huna mtoto aliyeajiriwa?" Nikajibu kwa sauti ya majivuno ambayo mpaka mlinzi aligeuka. Ninaye! Muuguzi! Amepangiwa zahanati Nalasi, Tunduru, anaripoti wiki ijayo! Akafurahi kuliko mimi. Akasema basi imekuwa rahisi. Wewe ukiingia kama mkopaji mwenza, faili linasogea kwa barua yako ya ajira, na yeye ataandika barua kumwomba Gaudensi asubiri mpaka mshahara wako wa kwanza uonekane. Akaniambia makato yatatoka kwenye mshahara wako moja kwa moja, kwa miaka ishirini. Akanipa fomu. Akaniambia fomu yenyewe ndiyo inayotakiwa, siyo picha ya simu.

Jumapili baada ya misa ulikuwa mezani na makaratasi yako ya kazi, unajaza, unasaini, unasaini. Nikaja na chai. Nikaweka kikombe, na chini ya rundo nikaweka ile fomu. Ulipoifikia uliniangalia ukauliza, "Baba, na hii?" Nikasema, "Na hiyo." Ukasaini. Ile sahihi yako nzuri, yenye mkia. Baadaye nilichukua picha zako mbili za pasipoti kwenye bahasha, na ulipozitafuta jana nilikusaidia kuzitafuta.

Nimeandika, sasa siwezi kufuta. Ndiyo, mwanangu, baba yako amefanya hivyo.

Ungetaka kuniambia, "Baba, si ungeniomba tu? Ningekubali." Ndiyo maana sikuomba. Najua ungekubali. Ungekubali kabla sijamaliza sentensi, ungemwangalia mama yako akishika bomba kwenda chooni, na ungekubali. Mzazi akiomba hivyo, kuna mtoto gani wa nyumba hii anayeweza kukataa? Niliona kuomba ni kukulazimisha, nikachagua kuiba. Nilijiambia kwamba ukiibiwa angalau utakuwa na haki ya kunikasirikia. Unaona jinsi kichwa cha mtu kinavyofanya kazi akishikwa pabaya.

Jana nilikwenda benki nayo. Nilichukua namba, nikakaa. Watu walikuwa wengi, nikatoa miwani, nikaisoma fomu yote kwa mara ya kwanza, mimi ambaye sijawahi kusoma karatasi yoyote mpaka mwisho. Juu ya sahihi yako pameandikwa kwamba umesoma, umeelewa, na umekubali kwa hiari yako. Nikalirudia neno hiari mara kadhaa. Kisha nikaanza kuhesabu, siyo pesa, umri. Una ishirini na mitano. Ungemaliza na arobaini na mitano. Mimi nina hamsini na minane na kifua hiki cha moshi wa chuma, unakisikia mwenyewe kinavyokohoa. Miaka ishirini hiyo nitakuwepo mingapi? Ungekuja kuishia kulipia nyumba hii ya hapa Bombambili ukiwa Nalasi, au popote, na hujapata kujenga hata banda lako, na hata masomo ya digrii unayoyataka usiyaguse, kwa ajili ya mashimo niliyotoboa ukutani. Namba yangu iliitwa. Niliona yule binti akiniangalia kwa matumaini kutoka kwenye meza yake. Niliinuka, nikatoka.

Usinifanye mtu mwema kwa hilo. Mtu mwema angeichana. Leo asubuhi nilikaa nayo hapa karakana, nikaishika kwa mikono miwili. Mikono hii inakata chuma, Skola, na ilishindwa karatasi. Mama yako alitoka kuanika, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine na beseni, akaimba kale kawimbo kake ka kwaya kwa sauti ya mdomo uliopinda, na mimi nikaikunja fomu nikairudisha mfukoni. Mchana nikaitoa tena. Nikawaza, niipeleke tu, atasamehe. Nikawaza, nimwambie mke wangu. Yeye hajui chochote. Yeye anadhani mkopo unakwenda vizuri, ameanza kupanga rangi ya sebule. Jana ameniuliza kama Ijumaa tuwaandalie akina Gaudensi chakula. Nikamwambia ndiyo, atenge jogoo.

Sijui nitamwambia nini Ijumaa. Sijui tutalala wapi mwezi ujao. Nimefikiria kumpeleka kwa kaka yangu Madaba, lakini nyumba ya kaka ina kizingiti kirefu na hospitali iko mbali, na mama yako ana dawa za kila siku. Nimefikiria kwenda kuwapigia magoti wale vijana wa marehemu. Nitakwenda, nadhani, magoti bado ninayo. Sina mpango, mwanangu. Miaka yote ulipoharibikiwa na kitu ulinikuta na mpango, hata wa uongo. Leo sina.

Nilichofanya ni hiki. Fomu iko ndani ya barua hii, pamoja na picha zako mbili. Barua naificha ndani ya kiatu chako cheupe cha kazi, cha kulia. Utaikuta Alhamisi utakapokwenda kuripoti, nami nitakuwa huku mbali nayo. Sikujiamini kukaa nayo nyumba moja siku tatu.

Ningekwambia uichane uikutapo, lakini isome kwanza. Mara hii uisome yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini, uone baba yako alitaka kukuweka wapi. Halafu iweke mbali. Wiki ijayo, mwezi ujao, ukitaka kutusaidia kwa namna yako, kwa kiasi chako, kwa akili yako iliyotulia, hiyo ni juu yako na nitaipokea kwa mikono miwili na kwa aibu. Lakini siyo kwa karatasi hii, na siyo kabla ya Ijumaa saa sita.

Maana Ijumaa asubuhi nitakupigia simu. Nasema hivi kwa kuwa najijua. Nitaanza na habari za zahanati, kama umekuta maji, kama wenzako ni watu. Sauti yangu itakuwa ya upole kabisa. Kisha nitakwambia nimefikiria vizuri, kwamba ile barua niliiandika nikiwa na mawazo mengi, kwamba bahasha umpe kondakta wa basi la asubuhi, na kwamba yule binti wa benki amekubali kutungoja. Nitakwambia ni kwa ajili ya mama yako. Nikikwambia ameanguka, mpigie yeye mwenyewe umuulize. Ikiwa kweli, omba ruhusa uje umwone, ila karatasi iache huko huko.

Sijawahi kukufundisha kunikatalia. Nilikulea ukisema ndiyo baba, nikawasifia watu kwamba nina mtoto msikivu, na siku moja usikivu huo nikautumia. Kwa hiyo jifunze ukiwa huko, una siku moja tu. Nikikuomba Ijumaa, usibishane na mimi, kwa maneno mimi ni hodari kuliko wewe. Usieleze. Sema hapana, baba, ukate simu, urudi kwa wagonjwa wako. Hutakuwa umenivunjia heshima.

Na nikipiga mara ya pili nikilia, kataa tena.

Baba yako,
Kosmas